Kinywe chetu sio cha penseli tu

Ndugu Mhariri, naomba nafasi kidogo gazetini, mimi nafundisha fizikia sekondari huku Ruangwa na kuna jambo limenikaa rohoni kuhusu kinywe, yale madini meusi ya grafiti.

Mtoto wa kidato cha pili aliniuliza, mwalimu, hiki kinywe kinachosemwa kila siku redioni kinafanyaga kazi gani? Nikamjibu penseli na betri, basi, nikaendelea na somo. Nilimpunja yule mtoto. Usiku nikashika simu kutafuta ndo nikakutana na habari za Profesa Jennifer Lewis wa Marekani, yule mama alianza kufundisha Chuo Kikuu cha Illinois 1990, akahamia Harvard 2013, na miaka yote hiyo kazi yake kubwa ni wino. Sio wino wa kuandikia, ni wa kuchapia vitu kwa printa ya 3D, ile inayojenga kitu tabaka kwa tabaka.

Wengi tukisikia printa ya 3D tunawaza kisanamu cha plastiki. Huyu mama na timu yake wanataka kile kinachochapwa kifanye kazi, kipitishe umeme, kitunze chaji. 2011 walitoa kalamu iliyojazwa wino wa madini ya fedha, unachora mstari kwenye karatasi na umeme unapita! 2013 wakachapa betri ya lithiamu ndogo kama punje ya mchanga, kwa mdomo wa printa mwembamba kuliko unywele, tabaka juu ya tabaka, pande mbili za betri zimeingiliana kama meno ya vitana viwili. Humo hawakuweka kinywe, ila betri nyingi za simu zetu upande wa hasi ni kinywe.

Sasa ugumu wote uko kwenye wino wenyewe, na wamama wanaochora maharusi hina pale Lindi mjini wataelewa haraka sana. Ukikamua koni hina itoke laini, ukiacha kukamua mstari utulie palepale, ikiwa majimaji ua linatambaa, ikiwa nzito koni inaziba. Hiyo hali ndo profesa ameisaka kwa unga wa fedha, unga wa keramiki, unga wa betri, zaidi ya miaka 30.

Nikaona hata sisi tunaweza kuanza. Mimi na wanafunzi tuliponda kinywe kwenye kinu, tukachanganya na gundi ya mbao, tukatia kwenye bomba la sindano. Mara ya kwanza ikamwagika yote, ya pili ikaziba mpaka bomba likapasuka, ya tatu wakachora mstari kwenye boksi, ukakauka, tukaunga mawe sita ya redio na kitaa cha LED cha tochi mbovu. Kikawaka, hafifu lakini kikawaka, na yule aliyeuliza swali ndo alishika waya.

Kinachoniuma ni kwamba kinywe kikiongelewa ni tani na bei na fidia ya mashamba, na fidia ni haki ya watu sibishi hata kidogo, lakini sijasikia mtu anauliza watoto wa hapa watajifunzia wapi tabia ya huu unga. Maabara yetu haina hata mzani wa kupima gramu.

Kwa hiyo mwandishi wenu akija huku kuandika habari za mgodi naomba apitie na shuleni, watoto watamchorea mstari na kumuwashia taa.

Mwalimu wa fizikia, Ruangwa