Fundi hakuwa amelewa

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu joto kali ilieleza vizuri habari za maji, kivuli na nguo nyepesi. Ubongo haukuguswa, na mimi huko ndiko nilikoona balaa likianzia.

Nasimamia mafundi wa kuezeka. Mchana mmoja kijana wangu, mwangalifu kuliko wote, alianza kupigilia misumari pembeni kabisa ya mbao, inapita hewani. Nilipomwita alinitukana, kisha akacheka peke yake. Wenzake wakasema kaonja kitu. Jasho lilikuwa linamtiririka, kwa hiyo hata mimi sikufikiria joto. Nilikaririshwa kwamba aliyezidiwa na joto ngozi yake hukauka. Kumbe anayefanya kazi nzito anaweza kuzidiwa huku bado anatoka jasho. Tulimshusha ulimi ulipokuwa umeshakuwa mzito.

Tangu hapo nimesoma na kuuliza sana. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hata tukiwa tumetulia hula karibu asilimia 20 ya nishati yote. Sehemu kubwa huishia kwenye pampu za seli zinazotoa sodiamu nje na kurudisha potasiamu ndani, na bila pampu hizo seli haipokei wala haipeleki ujumbe. Joto la mwili likipanda, seli zinadai nishati zaidi, takriban asilimia 10 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Saa hiyohiyo damu inakimbizwa kwenye ngozi kupoza mwili. Mtu naye anahema harakaharaka, hewa ukaa inapungua kwenye damu, na mishipa ya ubongo inabana. Mahitaji yamepanda, mgao umeshuka.

Hapo ndipo kemikali za kupashana ujumbe zinapovurugika. Glutameti ndiyo seli hutumia kuamshana, na ikishafanya kazi yake huzolewa upesi. Kuizoa kunategemea zilezile pampu. Zikilegea, glutameti inatuama kati ya seli na kuzichokoza bila kikomo, kalsiamu inafurika ndani, seli zinaanza kufa. Seli za Purkinje, zilizo kwenye serebelamu, sehemu ya ubongo iliyo kisogoni inayoratibu mwendo na usemi, huumizwa upesi mno na joto, ndiyo maana wapo waliopona wakabaki wanayumba na kuongea kwa kujikongoja. Dopamini, kemikali nyingine ya ujumbe, nayo msiisahau: dawa zinazoipandisha, kama amfetamini, zinaweza kumficha mtu uchovu wakati mwili wake unachemka.

Sasa kosa letu la pili, ambalo naona aibu kuliandika. Tulimpa parasetamoli. Kwenye homa, ubongo wenyewe umepandisha kiwango chake cha joto kwa msukumo wa kemikali za mwili ziitwazo prostaglandini, na kidonge hicho huzizuia. Kwenye kiharusi cha joto, yaani kuzidiwa na joto hadi akili kuvurugika kama kijana wangu, kiwango hakijaguswa, ila mwili umeshindwa kutoa joto. Kidonge hakina cha kuzuia, na ini linaongezewa mzigo. Isitoshe, mtu aliyechanganyikiwa anaweza kupaliwa. Kilichomsaidia ni pipa la maji ya kuchanganyia saruji, tulipomwagia ndoo baada ya ndoo huku mwenzetu mmoja akipiga simu kuomba msaada.

Mkiandika tena, ombi langu ni hili: tangulizeni tabia ya mtu kabla ya ngozi yake. Anayefanya kazi juani akikosea jambo analolijua, akigeuka mkali ghafla au akishindwa kutaja siku ya leo, apozwe palepale, azamishwe kwenye maji baridi kama yapo, kichwa kikishikwa juu, wakati gari linasubiriwa. Joto la ndani likivuka nyuzi 40 akili zikiwa zimeruka, kila dakika inahesabika.

Kijana alirudi kazini baada ya wiki kadhaa. Matusi aliyonipa hakumbuki hata moja. Wenzake ndio wanaomkumbusha, tena kwa kuongeza chumvi.

Msimamizi wa mafundi