Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka Tulioutoa kwa Neville Southall

Ndugu wanachama,

Nawasalimu nyote, mliopo hapa Dar es Salaam na wenzetu wa Nairobi na Mombasa mnaotusikiliza kwa simu. Hesabu za mwaka mtazipata kwa mhazini, nami sina cha kuongeza isipokuwa shukrani kwa waliolipa ada bila kukumbushwa. Taarifa yangu nataka niitumie kueleza kwa nini kamati iliuweka mwaka 2025 chini ya jina la golikipa mmoja wa Wales, na kwa nini jambo hilo linahusiana na ombi tutakalolijadili leo.

Wengi wetu tuliipenda Everton, klabu ya jiji la Liverpool nchini Uingereza, siku ile ya Julai 2017, ilipokuja Uwanja wa Taifa kucheza na Gor Mahia. Wayne Rooney alifunga kwa shuti la mbali, Jacques Tuyisenge akasawazisha, na mwisho Everton wakashinda 2–1. Ni kumbukumbu nzuri, lakini kwa vijana wetu historia ya klabu imeanzia hapo. Mwaka huu ulikuwa wa kuwarudisha nyuma zaidi. Mwezi Mei ilitimia miaka 40 tangu Everton ilipoifunga Rapid Vienna 3–1 mjini Rotterdam na kutwaa Kombe la Washindi barani Ulaya. Mwezi huohuo, tarehe 18, timu ya wanaume iliichapa Southampton 2–0 na kuaga Goodison Park, uwanja walioutumia tangu 1892. Tulipojiuliza ni mchezaji gani aliyecheza mechi nyingi kuliko wote katika jezi ya klabu hii, jibu halikuwa na ubishi. Ni Southall, aliyecheza zaidi ya mechi 700, na kati ya hizo 578 ni za ligi.

Alizaliwa Llandudno, kaskazini mwa Wales, Septemba 1958. Miezi michache kabla ya hapo Wales ilikuwa imecheza robo fainali ya Kombe la Dunia kule Sweden na kutolewa na Brazil kwa bao moja la Pelé. Kijana huyu hakupita katika chuo chochote cha soka cha klabu kubwa. Alizoa taka, alihudumu mgahawani, na alibeba matofali akiwa saidia fundi, huku jioni na wikiendi akidaka katika timu za chini kama Bangor City na Winsford United. Bury walimsajili mwaka 1980 kwa pauni 6,000. Alikuwa na miaka 21, umri ambao hapa kwetu makocha wengi huwa wameshamwambia kijana atafute shughuli nyingine. Mwaka mmoja baadaye kocha Howard Kendall akamchukua Everton kwa pauni 150,000.

Naomba tusiupite haraka msimu wa 1982/83, maana katika mikutano yetu ya kila mwezi ndio uliozua mjadala mrefu kuliko wote. Novemba 1982 Liverpool walikuja Goodison wakashinda 5–0, Ian Rush akafunga mabao manne peke yake. Southall akawekwa benchi. Januari akapelekwa Port Vale kwa mkopo, daraja la nne, akadaka mechi tisa. Bwana mmoja wa kamati, ambaye naye alikuwa kipa enzi zake, alisimama akasema kwamba kwa kipa mabao matano kwenye mechi ya watani hayafutiki, kwa hiyo kocha aliyemrudisha langoni anastahili sifa sawa na kipa mwenyewe. Nakubaliana naye kabisa. Kendall alikuwa na kila sababu ya kununua kipa mwingine. Alimrudisha Southall, na mwaka uliofuata wakachukua Kombe la FA kwa kuifunga Watford 2–0.

Kisha ukaja msimu wa 1984/85. Everton walichukua ubingwa kwa pointi 90, na waandishi wa habari za soka wa Uingereza wakamchagua Southall kuwa mchezaji bora wa mwaka, tuzo ambayo magolikipa huipata kwa nadra sana. Katika onyesho letu la picha za zamani tulirudia mara nyingi tukio moja la Aprili 1985. Ni uwanja wa Tottenham, Everton wanaongoza 2–1, dakika zinayoyoma. Mark Falco anapiga kichwa cha karibu kabisa, kila mtu anajua ni bao, na Southall anaupangua mpira juu ya mtambaa wa panya. Baada ya hapo akainuka bila kushangilia, akaanza kupanga mabeki kwa ajili ya kona. Niliwaona vijana wetu wakitazama kimya, na ndipo nikajua mada ya mwaka imewaingia.

Kombe la Ulaya la 1985/86 Everton hawakulicheza. Baada ya maafa ya Heysel, ambako watu 39 walipoteza maisha katika fainali ya Liverpool na Juventus, klabu zote za Uingereza zilifungiwa. Wapo wanaoamini kikosi kile kingelitwaa. Mimi ni mmoja wao, ingawa mbele ya vifo vile huzuni ya mashabiki ni jambo dogo. Machi 1986 pigo likamfikia Southall mwenyewe. Akiichezea Wales dhidi ya Jamhuri ya Ireland mjini Dublin, aliruka akatua vibaya na kifundo cha mguu kikateguka. Hakucheza tena msimu huo. Everton wakaukosa ubingwa kwa pointi mbili, wakapoteza na fainali ya Kombe la FA, vyote kwa Liverpool. Alirudi msimu uliofuata, na mwaka 1987 ubingwa ukarudi Goodison. Tangu hapo haujarudi tena.

Kuhusu timu ya taifa, alicheza mechi 92 kati ya 1982 na 1997, rekodi iliyodumu hadi Chris Gunter alipoipita mwaka 2018. Lakini hakuwahi kucheza fainali zozote kubwa. Usiku wa Novemba 1993 mjini Cardiff ndio uliomuuma kuliko yote. Ushindi dhidi ya Romania ungewapeleka Kombe la Dunia la 1994 kule Marekani. Shuti la mbali la Gheorghe Hagi likapita chini ya mwili wa Southall. Dean Saunders akasawazisha, kisha penalti ya Paul Bodin ikagonga mtambaa wa panya, na Romania wakashinda 2–1. Baadhi yenu mliandika kwenye kundi letu kwamba tusilitaje bao la Hagi kwa heshima ya mzee. Nimelitaja makusudi. Kazi ya kipa inahesabiwa kwa makosa yanayoonekana na uwanja mzima, na mtoto anayefundishwa udakaji lazima alijue hilo mapema, tena alijue kutoka kwa aliye bora.

Mwaka 1994/95 Everton walianza ligi kwa mechi 12 bila ushindi. Chini ya kocha Joe Royle walinusurika kushuka, kisha wakafika Wembley. Katika safari nzima ya Kombe la FA, mechi sita, waliruhusu bao moja tu, penalti ya Jürgen Klinsmann katika nusu fainali. Kwenye fainali Paul Rideout alifunga bao pekee dhidi ya Manchester United, na Southall, akiwa na miaka 36, akapangua mashuti mawili mfululizo ya Paul Scholes. Hakuwa mnywaji wala mtu wa sherehe. Usiku ule aliondoka mapema akarudi nyumbani. Aliendelea kudaka, na Machi 2000 alicheza Ligi Kuu kwa mara ya mwisho akiwa na Bradford City, akiwa na miaka 41.

Baada ya kutundika glovu alifanya kazi kusini mwa Wales na watoto wenye mahitaji maalumu ya kielimu. Kwenye mitandao amekuwa akiwaachia ukurasa wake wenye wafuasi wengi watu wa mashirika ya afya ya akili na makundi yanayobaguliwa ili wazungumze wenyewe. Kwangu mimi, hii ni sehemu ya wasifu wake yenye uzito sawa na makombe.

Sasa nifike kwenye ombi. Nimezunguka viwanja vyetu vya mchangani mwaka huu na kila mahali hali ni ileile. Washambuliaji wana kocha, mabeki wana kocha, kipa anaachwa apashe misuli peke yake kando ya uwanja. Akifungwa mabao matano, wiki inayofuata hayumo kikosini na hakuna anayemuuliza alipo. Glovu za kufaa ni ghali kwa familia nyingi. Akifika miaka 19 au 20 bila kusajiliwa, anaacha. Southall naye angeacha katika umri huo, na alikuwa na sababu zote.

Kamati inapendekeza kwamba fedha zilizozoeleka kutumika kwa jezi za sherehe ya mwisho wa mwaka zielekezwe kwenye mfuko wa makipa. Mfuko huo ununue glovu na umlipe posho mwalimu wa makipa atakayezungukia timu za mchangani zisizo naye. Tunaomba pia usiwekewe kikomo cha chini ya miaka 17 kama baadhi yenu mlivyopendekeza. Naheshimu hoja yenu kwamba fedha ni kidogo na watoto ni wengi, lakini kwa nafasi hii ya uwanjani naamini kikomo hicho kitawafukuza walewale tunaowatafuta. Tufike angalau miaka 22.

Kura itapigwa baada ya taarifa ya mhazini. Wenzetu wa Kenya watapiga kupitia kwa katibu. Wenye glovu zilizotumika ambazo bado ni nzima wazilete kwenye mkutano ujao; atakayezipokea ni mtunza vifaa.

Wenu katika kazi,
Mwenyekiti