Barua kwa Neema, kuhusu lile igizo la bibi

Marahaba mama. Mesej yako nimeisoma jana usiku mara mbili, hapo uliposema igizo ulilokuwa unaandika kuhusu bibi umeliacha kwa sababu huko Jyväskylä, Ufini, hakuna anayejali habari za kijijini kwetu, mwanangu usingizi ulinipotea kabisa.

Sasa sikia, hapohapo Jyväskylä ndipo alipozaliwa mwandishi Sofi Oksanen mwaka 1977, baba Mfini fundi umeme, mama injinia kutoka Estonia. Estonia enzi hizo ilikuwa chini ya Wasovieti, kwahiyo kwenda kumsalimia bibi haikuwa kupanda basi tu kama sisi, kulikuwa na vibali, na mambo mengine watu hawakuyasema kwa sauti. Kitabu chake cha kwanza kilitoka 2003, kinamhusu binti anayekulia Ufini huku mama yake anamkataza kujulikana kuwa ana damu ya Kiestonia. Hapo nilikukumbuka sana.

Ila ninachotaka ukishike ni hiki kitabu chake cha Puhdistus, yaani Utakaso. Mwanzo kilikuwa igizo! Lilichezwa kwenye jumba la taifa la maigizo Helsinki mwaka 2007, na dada wa watu hakuishia hapo, alikaa na habari ileile akaiandika upya ikawa riwaya mwaka 2008. Bibi mmoja, Aliide, anaishi peke yake kijijini mwaka 1992, asubuhi anakuta msichana kaanguka uani, katoroka wanaume waliokuwa wanamuuza, na taratibu yanafumuka ya zamani, ndugu waliopelekwa Siberia, nani alimsaliti nani. Na hayo ya Siberia si ya kutunga, Machi 1949 tu walibebwa watu zaidi ya elfu 20 kutoka kanchi kadogo vile. Kitabu kikapata Finlandia, tuzo kubwa ya vitabu ya Ufini, mwaka huohuo wa 2008, na 2010 ikaja ya Baraza la Nordic, la nchi za kaskazini mwa Ulaya, leo kinasomwa kwa lugha zaidi ya 30. Habari za kijijini hizo mama, jikoni kwa bibi.

Na wewe bibi yako alihamishwa mwaka 1974 wakati wa vijiji vya ujamaa, kabeba chungu kichwani na mimi mgongoni. Jana nimemuomba anisimulie tena, safari hii kakubali nimrekodi, amenyamaza mara mbili katikati na sikumkatisha. Nikipata bando Jumapili nakutumia yote. Lile igizo kama bado lipo kwenye laptop usilifute.

Baba yako