Vidonge 14 si vya kugawana wawili

Kwa Mhariri,

Katika maduka ya dawa ya mitaa ya Pipeline na Umoja kuna hesabu inayopigwa kimyakimya: mtu hununua doxycycline, dawa ya klamidia (ugonjwa wa zinaa), vidonge 14, saba akampa mwenzake. Dozi ya mtu mmoja ni miligramu 100 asubuhi na jioni kwa siku saba. Ikigawanywa, huenda muwasho ukapungua kwa wote wawili na ugonjwa ubaki. Tena mjamzito hapewi dawa hiyo, na kisonono hakitibiwi nayo pekee.

Kumpa mwenzi vidonge ni rahisi kuliko kumwambia akapimwe, tunaelewa. Lakini wengi wenye klamidia, hasa wanawake, hawaoni dalili yoyote. Anayesema "mimi sina kitu" huenda hadanganyi, hajui tu. Kwa hivyo usianze na "umeniletea ugonjwa". Sema: "Nimepimwa, nimepatikana na klamidia, inatibika. Jumamosi twende nawe upimwe." Taja ugonjwa, taja siku, nyamaza. Mwambie ana kwa ana, maana simu nyingi za mjini zina wasomaji wawili. Waambie wote mliolala nao siku 60 zilizopita, hata yule wa ushago anayeonekana Krismasi pekee.

Ukihofia kupigwa, usijilazimishe. Muulize mhudumu kama kituo kinaweza kumwita mwenzako bila kutaja jina lako. Laini ya 1195 hupokea bure visa vya ukatili wa kijinsia.

Kwenye kipimo ndipo watu hukosea zaidi. Mkojo unaotakiwa ni ule unaotangulia kutoka, baada ya kukaa angalau saa moja bila kukojoa. Wa katikati huweza kuficha vijidudu. Asiye na dalili akipimwa klamidia au kisonono siku tatu baada ya kukutana kimwili, jibu la "hakuna" halina uzito: arudie baada ya wiki mbili. Kaswende na VVU, miezi mitatu. (Hofu ya VVU ya jana haisubiri, dawa ya kinga huanzwa kabla ya saa 72.) Nacho kile kifaa cha kujipima VVU cha dukani hakijui lolote kuhusu kisonono.

Baada ya hapo, hakuna ngono mpaka nyote mmalize dawa. Wewe ukimaliza Jumatatu naye akaanza Alhamisi, fuateni kalenda yake.

Wahudumu wa kliniki,
Eastlands, Nairobi