Barua kwa mabinti zangu wa mbio ndefu: siku zako zikikata, usinyamaze

Mabinti zangu, hamjambo. Nawaandikia nyote mnaoamka kabla jua halijatoka mkafunga kamba za viatu, wa mita 5000, wa 10,000, wa marathoni, hata wewe ambaye bado hujajua umbali wako ni upi. Mimi nimestaafu siku nyingi lakini kuna jambo limenikaa rohoni na nisipowaambia ntakuwa nimewaficha. Hedhi. Ndiyo, hiyohiyo tunayoiongelea kwa kunong'ona, leo naisema kwa sauti, na kama kuna kocha mwanaume anasoma hapa basi asome mpaka mwisho.

Nilipokuwa na miaka 19 nilikaa miezi nane bila kuona siku zangu. Kocha wangu wa wakati ule alikuwa anatupandisha kwenye mzani kila Jumatatu, mmoja mmoja, wenzio wamesimama pale wanatazama, halafu anasoma kilo zako kwa sauti. Nilipomwambia siku zimekata alifurahi kabisa, akasema sasa mwili umekubali mazoezi. Nikamwamini manake muda wangu ulikuwa unashuka kweli, na hapo ndo mtego ulipo mabinti zangu, ukipungua kilo unakuwa mwepesi, unakimbia vizuri wiki kadhaa au hata msimu mzima, kila mtu anakupongeza, kumbe mwili umeanza kuzima taa chumba kimoja kimoja ili ubakiwe na nguvu za kukimbilia tu. Unachokula hakitoshi kazi unayofanya, estrojeni, ile homoni ya kike, inashuka, hedhi inakata, na hiyo estrojeni ndo inayolinda mifupa yako.

Kwangu ilianza kwenye muundi, ule mfupa wa mbele chini ya goti, mahali padogo tu panapofunikwa na kidole gumba, nikipabonyeza naruka. Shikeni hii tofauti: misuli ikiuma inauma eneo zima na mara nyingi ukishapasha inalegea, lakini mfupa unauma palepale pamoja, kadri unavyokimbia ndo unazidi, mwishowe unauma hata usiku umelala. Niliambiwa nivumilie nikavumilia wiki tatu. Ya nne nilisimama kwenye kona, mzunguko wa tisa, mguu ukakataa kukanyaga. Eksirei ya kwanza haikuonyesha kitu, na hilo linatokea sana mfupa ukianza tu kupata ufa, kwa hiyo nikaonekana mvivu mpaka ya pili ilipouonyesha.

Msidhani ni mimi peke yangu. Mary Cain wa Marekani alifika fainali ya mita 1500 ya mashindano ya dunia mwaka 2013 akiwa na miaka 17 tu, mtoto kabisa. Mwaka 2019 akaeleza hadharani kwamba alisukumwa apungue na apungue, akakaa miaka mitatu bila hedhi na mifupa mitano ikavunjika. Mitano! Mpaka leo nikifikiria lile jambo nalia, kwa sababu kipaji kilikuwepo na haraka haikuwa yake, ilikuwa ya watu wazima.

Kwa hiyo nawaomba. Miezi mitatu ikipita bila hedhi, na huna mimba, nenda kwa daktari, na umwambie wewe ni mkimbiaji na unakimbia kilomita ngapi kwa wiki. Kama umefika miaka 15 na haijawahi kuja kabisa, nenda pia. Na kama unatumia vidonge vya uzazi wa mpango usijidanganye, ile damu inayokuja ukipumzika vidonge haimaanishi mwili umepona, vinaweza kukuficha tatizo kwa muda mrefu. Uchovu usioisha nao usiuite uvivu, kapime damu, wakimbiaji wanawake tunaishiwa madini ya chuma kirahisi. Ila sindano wala dripu usichomwe bila kujua jina la kilichomo na kama kinaruhusiwa, manake ukikutwa na dawa iliyokatazwa anayefungiwa ni wewe, aliyekuchoma anaendelea na maisha yake.

Mtaniambia mama, nikipumzika wenzangu wataniacha. Najua hiyo hofu, nimelala nayo. Lakini mtazameni Faith Kipyegon wa Kenya, alichukua dhahabu ya Olimpiki ya mita 1500 mwaka 2016, akajifungua binti yake 2018, akarudi taratibu, akachukua tena Tokyo, akachukua tena Paris, na 2025 akakimbia mita 1500 kwa dakika 3:48.68 ambayo hakuna mwanamke aliyewahi kuikimbia. Mkenya mwenzake Edna Kiplagat naye alishinda marathoni ya Boston mwaka 2017 ana miaka 37. Mbio ndefu zinampa mwanamke muda, unaweza kukosa msimu mmoja ukabakiwa na kumi, wakati mifupa unayoijenga sasa hivi ukiwa msichana ukishaipoteza ni shida kuirudisha yote.

Na kwa kuwa nimetaja kujifungua, someni mikataba. Mwaka huohuo wa 2019 wakimbiaji wa Marekani, Kara Goucher akiwemo, walijitokeza kueleza walivyokatiwa hela za udhamini wakiwa wajawazito, na ni baada ya kelele hizo ndo baadhi ya kampuni zikabadilisha masharti. Tafuta ule ukurasa unaosema itakuwaje ukishika mimba au ukiumia, na kama haupo, uliza kabla kalamu haijagusa karatasi, hata kama meneja anakuambia ndege inaondoka kesho.

Mwisho, lile daftari lenu la mazoezi mnaloandika kilomita na muda. Chora mstari pembeni, kila siku za hedhi zikianza weka alama nyekundu, na pale mguu ulipouma andika ni wapi hasa. Nililipata la kwangu la ule mwaka juzijuzi nikipanga vitu vya zamani. Muda wa kila mzunguko umeandikwa vizuri sana, mpaka sehemu za sekunde, na miezi nane yote hiyo hakuna neno hata moja kuhusu mwili wangu.