Gari la bei ya kutupa lipimwe kwa kutu kabla ya kilomita

Mhariri,

Matangazo ya magari yaliyotumika humpa mnunuzi mambo matatu: mwaka wa kutengenezwa, kilomita na bei. Kwa gari la miaka 3 au 4 hayo yanatosha kuanzia mazungumzo. Kwa gari la miaka 15, na zaidi kwa yale ya kale yenye miaka 40 au 50, hayasemi karibu chochote. Nawasihi wasomaji wako wapange maswali yao upya. Waanze na bodi na chasisi, waende kwenye injini na gia boksi, waulize vipuri, na kilomita zisubiri mwisho.

Sababu ni kwamba injini mbovu hung'olewa ikafungwa nyingine, na gia boksi vilevile. Chuma kilichooza hakina dawa nyepesi. Magari mengi madogo ya nusu karne iliyopita hayana fremu ya chini inayojitegemea; bodi yenyewe ndiyo inayobeba injini, springi na abiria. Kutu kwenye kizingiti cha mlango wa gari la namna hiyo imekula nguzo ya gari. Fundi akikata bati lililooza hukuta la nyuma yake nalo limeoza, na kazi iliyokadiriwa siku 2 huchukua wiki 3.

Kwa hiyo ingia chini ya gari, likiwa juu ya stendi imara na si juu ya jeki peke yake, ukiwa na tochi na bisibisi butu. Chunguza vizingiti vya milango, sakafu chini ya mazulia, matao ya matairi, sehemu za kupachikia jeki, vichwa vya shokapu vinapofungwa kwenye bodi, shimo la tairi la akiba, na bati lililo chini ya betri, ambako asidi hudondoka miaka nenda miaka rudi. Gonga kwa mpini wa bisibisi. Bati zima hulia kwa sauti kali. Lililooza au lililojazwa puti, yaani kijazio cha kusawazisha bati, hutoa sauti nzito iliyokufa. Kisha chukua sumaku ndogo, ifunge kitambaa isikwaruze rangi, uipitishe polepole chini ya milango na kuzunguka matao. Pale inapoacha kushika ghafla pana puti. Sumaku haitakusaidia kwenye alumini wala plastiki, hivyo jua kwanza gari limeundwa kwa nini. Ukipata kipima unene wa rangi, rangi ya kiwandani kwa kawaida huwa kati ya mikroni 80 na 150. Ukisoma 300, pamepakwa tena. Ukisoma 1,000, chini yake kuna puti.

Lami nyeusi mpya inayong'aa chini ya gari kuukuu inastahili mashaka. Ikipakwa juu ya kutu huficha kutu hiyo na kufungia unyevu ndani, nayo huendelea kula chuma bila kuonekana. Gazeti lako lingewafaa sana wasomaji kama kila tangazo la gari la zaidi ya miaka 15 lingetakiwa kuwa na picha moja ya chini ya gari.

Kila gari la kale lina ugonjwa wake, na anayelitaka aujue kabla ya kwenda kuliona. Volkswagen Beetle bodi yake imefungwa kwa boliti juu ya bamba la sakafu, na chini ya milango pana mikondo ya chuma inayopitisha hewa ya moto. Mikondo hiyo ndiyo inayoipa bodi uimara. Ikioza, mlango hushuka, na mwanya kati ya mlango na bodi huwa mpana juu na mwembamba chini au kinyume chake. Ukimaliza hapo, zima injini, nenda nyuma ilipo injini hiyo, ishike puli ya krankishafti kwa mikono miwili, uisukume ndani na kuivuta nje. Mchezo unaoruhusiwa ni wa 0.07 hadi 0.13 mm, na ukizidi 0.15 mm umepita kiwango. Kiasi hicho hakionekani kwa jicho, hivyo ukisikia mgongano wa chuma kwa chuma, injini hiyo ni ya kufungua yote. Uzuri wa Beetle ni kwamba zilitengenezwa zaidi ya milioni 21, za mwisho zikitoka Puebla, Meksiko, mwaka 2003. Vipuri vyake bado vinapatikana.

Land Rover za zamani huwadanganya watu kwa bodi yao ya alumini. Bodi hung'aa, lakini chasisi ni ya chuma, tena huoza kutoka ndani kwenda nje, hasa kwenye boriti ya nyuma na pale springi zinapofungwa. Chunguza pia ukuta unaotenganisha injini na abiria, ambao nao ni wa chuma. MGB, gari dogo la michezo la Uingereza lililotengenezwa kati ya 1962 na 1980, ina vizingiti vyenye tabaka kadhaa. Kubadili tabaka la nje na kuliacha lililooza ndani ni kazi ya kupendezesha gari la kuuza.

Turudi kwenye injini. Ikute ikiwa baridi. Mwombe muuzaji mapema asiiwashe. Gusa boneti ukifika. Ikiwa ya moto, kuna uwezekano kwamba injini ina shida ya kuwaka asubuhi, na ni afadhali urudi siku nyingine. Ikiwa baridi kweli, fungua mfuniko wa rejeta. Usiufungue kamwe injini ikiwa moto, maji hutoka kwa kishindo na kuunguza uso. Maji ya rangi ya matope yana maana kwamba gari limekuwa likijazwa maji matupu, na njia za ndani zimeshika kutu. Mafuta yakielea juu, shuku gasketi ya hedi. Utando mweupe kama krimu chini ya mfuniko wa oili hutokana na maji kuchanganyika na oili, ingawa gari la safari fupifupi hujenga utando kidogo hata likiwa zima. Hakikisha kwa kijiti cha oili, ambacho kinapaswa kuwa safi.

Sasa iwashe, mtu mwingine akisimama nyuma. Moshi wa bluu sekunde za mwanzo kisha ukakoma unaelekeza kwenye sili za valvu. Moshi wa bluu usiokoma, unaozidi gari likibeba mzigo au likipanda mlima, ni ringi za pistoni, na hapo gharama ni kubwa. Moshi mweupe unaoendelea hata injini ikishapata joto, wenye harufu tamu, ni maji ya rejeta yanayoungua ndani ya silinda. Moshi mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa: kwa petroli mara nyingi ni kabureta au sensa, kwa dizeli ni nozeli au chujio la hewa lililoziba. Acha injini iungurume dakika 20 mpaka feni ijiwashe yenyewe, izime, uiwashe tena ikiwa moto. Kuna injini zinazowaka vizuri zikiwa baridi na kugoma kabisa zikipata joto.

Bei ikiwa ya maana kwako, dai kipimo cha mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Plagi zote hutolewa, na kila silinda hupimwa kwa zamu huku kanyagio la mafuta limekanyagwa mpaka mwisho. Injini nyingi za petroli zilizo nzima husoma kati ya bar 10 na 13, lakini kinachohesabiwa zaidi ni usawa: silinda moja ikipungukiwa na nyingine kwa zaidi ya asilimia 15, kuna tatizo. Mimina kijiko cha oili kwenye silinda dhaifu upime tena. Mgandamizo ukipanda, ringi zimechakaa. Usipopanda, ni valvu au gasketi. Kipimo hiki hakimalizi saa 1, na sielewi kwa nini wanunuzi wanakiogopa kuliko kununua injini ya pili.

Mkanda wa taimingi usio na risiti uhesabiwe kuwa haujabadilishwa. Kulingana na injini, hubadilishwa baada ya kilomita 60,000 hadi 160,000, au miaka 5 hadi 10, lolote litangulie. Ukikatika kwenye injini ambayo pistoni na valvu hupishana nafasi, valvu hupinda papo hapo. Weka gharama ya mkanda, roli zake na pampu ya maji kwenye hesabu yako kabla hujataja bei.

Gia boksi ya otomatiki ijaribiwe ikiwa baridi na ikiwa moto. Ukiwa umekanyaga breki, toa N uingize D. Gari linapaswa kushika ndani ya sekunde 1 hivi bila kupiga kishindo. Mafuta yake, kama kuna kijiti, mara nyingi ni mekundu na yasiyo na harufu ya kuungua. Ya kahawia yenye harufu ya mkate ulioungua yanasema klachi za ndani zinaisha. Kwa gia za mkono, ukiwa gia ya 4 kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, kanyaga mafuta yote. Mlio wa injini ukipanda na gari lisiongeze mwendo, klachi inateleza. Mwishowe kata usukani mpaka mwisho na kuzunguka polepole, kulia na kushoto. Mlio wa tak-tak-tak ni jointi za ekseli za mbele.

Gari lenye kompyuta lina ushahidi wake. Tundu la kuchomeka kifaa cha kusoma hitilafu, la muundo mmoja, lilifanywa la lazima Marekani kuanzia magari ya mwaka 1996, na Ulaya kwa ya petroli mwaka 2001. Usitazame hitilafu zilizoandikwa tu. Tazama kama majaribio ya ndani ya kompyuta yamekamilika. Yakiwa karibu yote hayajakamilika, mtu amefuta hitilafu hivi karibuni au betri ilichomolewa, na taa ya injini huenda ikarudi baada ya siku chache. Fungua swichi bila kuwasha injini: taa ya injini, ya ABS na ya mfuko wa hewa ziwake kwanza, kisha zizime kwa wakati wake. Isiyowaka kabisa huenda imechomolewa.

Kuhusu kilomita, zinaweza kurudishwa nyuma, na hata zikiwa za kweli si sifa peke yake. Gari lililosimama miaka 8 huwa na sili zilizokauka, pistoni za breki zilizoganda, petroli iliyooza na tangi lenye kutu ndani. Linganisha namba na raba ya kanyagio la breki, ukingo wa kiti cha dereva na usukani. Soma tarehe ya matairi: tarakimu 4 za mwisho baada ya herufi DOT, kwa mfano 2319, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Vuta mikanda ya kiti mpaka mwisho. Tope kwenye sehemu iliyojikunja ndani ni dalili ya gari lililozama. Namba ya chasisi, ambayo kwa magari ya soko la Marekani tangu 1981 ni ya herufi na tarakimu 17 bila I, O wala Q, ifanane na hati, na pale ilipogongwa pasiwe na alama za kuchomelea. Ikitofautiana hata kwa tarakimu 1, ondoka.

Kwa gari la kale kuna mambo mawili zaidi. La kwanza ni petroli. Injini nyingi za zamani zilitegemea madini ya risasi yaliyomo kwenye petroli kulinda viti vya valvu, na petroli hiyo iliondoka duniani kote Algeria ilipoacha kuiuza mwaka 2021. Kwa safari ndefu za kasi, viti laini huliwa, nafasi za valvu hupungua, na valvu huungua. Uliza kama hedi imewekewa viti vigumu. Mipira ya mafuta nayo iwe ya aina inayostahimili ethanoli. Ya zamani hulainika na kuvuja juu ya injini ya moto.

La pili ni ukamilifu. Gasketi, plagi na pedi za breki hupatikana kwa magari mengi ya kale. Vinavyokosekana ni vioo, taa, urembo wa kromu, mipira ya milango na vitasa. Kwa hiyo gari chakavu lakini kamili lina thamani zaidi kuliko lililopakwa rangi nzuri huku nusu ya vitu vyake viko kwenye maboksi. Kufufua gari la kale mara nyingi hugharimu zaidi ya thamani yake likishapona, hivyo nunua lililo bora kabisa ambalo mfuko wako unaweza.

Andika bei ya gari, ongeza matairi, betri, breki, mkanda, oili zote na kazi ya bati, kisha linganisha jumla hiyo na bei ya gari zima la aina ileile. Fundi wa kulikagua umtafute wewe na umlipe wewe, asiwe yule aliyeletwa na muuzaji.

Wako,
Fundi wa magari