Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Safari ya Umisheni Kumamoto

Wapendwa wanachama, wachungaji, wazee wa kanisa na wageni waalikwa, Bwana Yesu asifiwe.

Kwa niaba ya Kamati ya Utendaji nawasilisha kwenu taarifa ya mwaka 2025. Mwaka huu tulikuwa na jambo moja lililozidi mengine yote, nalo ni safari ya timu yetu ya umisheni mkoani Kumamoto, kusini mwa Japani. Nitalieleza kwa kirefu kwa sababu ninyi ndio mliolibeba kwa maombi na kwa mifuko yenu, na kwa sababu leo mtatakiwa kuamua kama tuendelee au tuishie hapa. Msimamo wangu nautoa mapema: tuendelee, na turudi kulekule, kwa watu walewale.

Kwanza niyataje mengine kwa ufupi. Zamu za kuwatembelea wagonjwa ziliendelea mwaka mzima. Semina ya wainjilisti ilifanyika, na mahudhurio ya vijana yalitia moyo. Tumewapumzisha wapendwa wetu kadhaa ambao majina yao yalisomwa katika ibada ya kumbukumbu; Bwana azidi kuzifariji familia zao. Hesabu zote zimo katika taarifa ya mhazini, na kila mwanachama ana haki ya kuziuliza.

Fedha ya safari ilitokana na ahadi zenu, sadaka maalumu na minada baada ya ibada. Nawakumbuka akina mama walioleta mikungu ya ndizi kila Jumapili bila kuchoka, na mzee aliyenunua kuku yuleyule mara tatu na kumrudisha mnadani kila mara. Kahawa tuliyobeba ilitoka mashambani mwenu, ikakaangwa hapahapa Marangu. Nitaeleza baadaye kazi iliyofanya.

Katika mkutano uliopita baadhi yenu mliuliza: Japani ni nchi tajiri, ina kila kitu, kwa nini tusipeleke nguvu zetu kwa majirani? Ni swali la haki na linastahili jibu kamili. Katika nchi ile yenye watu wapatao milioni 124, Wakristo wa madhehebu yote ni kama mmoja katika kila watu mia. Hii si kwa sababu Injili ilichelewa kufika. Mmisionari Mkatoliki Francis Xavier aliteremka Kagoshima, jirani na Kumamoto, mwaka 1549, karibu miaka 300 kabla ya mmisionari Mjerumani Krapf kufika Mombasa mwaka 1844. Maelfu kwa maelfu walibatizwa. Kisha watawala wakageuka. Mwaka 1597 Wakristo 26 walisulubiwa juu ya kilima cha Nishizaka, Nagasaki. Mwaka 1614 imani ikapigwa marufuku nchi nzima. Kila kaya ikalazimishwa kuandikishwa katika hekalu la Kibuddha, na aliyeshukiwa kuwa Mkristo aliwekewa chini picha ya Yesu au ya Mariamu aikanyage mbele ya maofisa. Marufuku hiyo haikuondolewa hadi mwaka 1873.

Nayaeleza haya kwa sababu athari zake zingali hai. Kule familia na dini ya mababu zimefungamana kwa karne nyingi. Nyumba nyingi zina madhabahu ndogo ya wafu, na mtoto wa kwanza wa kiume ndiye anayebeba dhamana ya kaburi la ukoo. Anayeomba ubatizo huulizwa na ndugu zake: nani atayatunza makaburi? Sisi tuliokulia vihambani, ambako babu na bibi wamezikwa hatua chache kutoka mlangoni, tunaweza kuuelewa uzito wa swali hilo kuliko wamisionari wengi waliotutangulia.

Wenyeji walitupeleka visiwa vya Amakusa, katika kijiji cha wavuvi kiitwacho Sakitsu. Huko Wakristo walificha imani yao kizazi baada ya kizazi, bila mchungaji, bila Biblia, wakisali mbele ya makombe ya baharini ambayo ndani yake waliona sura ya Mama Mariamu. Mwaka 1805 watu zaidi ya 5,000 wa vijiji vile walikamatwa na kuhojiwa kwa sababu ya imani hiyo. Kanisa lililopo sasa lilijengwa mwaka 1934, dogo, la rangi ya kijivu, sakafu yake imetandikwa mikeka ya tatami, na madhabahu yake imewekwa mahali ilipokuwa nyumba ya mkuu wa kijiji, palepale watu walipolazimishwa kuikanyaga picha ya Bwana wao. Tulivua viatu, tukakaa chini. Hakuna aliyehubiri siku ile, na nadhani ilikuwa sawa. Mtu hawezi kuingia mahali kama pale akajiona yeye ndiye aliyemleta Mungu.

Sasa niwaeleze kanisa lililotupokea. Ni la Kiprotestanti, katika mtaa wa kawaida wa mji wa Kumamoto. Mlangoni unaacha viatu kwenye rafu na kuvaa ndala za ndani. Karatasi ya matangazo ya Jumapili inaonyesha idadi ya waliohudhuria wiki iliyopita. Tuliikuta imeandikwa 17. Wengi wao ni wazee wenye mvi, na anayepiga kinanda ni bibi aliyeinama mgongo ambaye hafiki kwenye kiti chake bila kushikwa mkono. Mchungaji wao anahudumia sharika nyingine pia, kwa hiyo ibada hupangwa kwa saa tofauti ili awahi kuendesha gari kutoka huku kwenda kule. Hatukusikia nung'uniko hata moja. Kila jambo lilikuwa tayari: namba za nyimbo ubaoni, majina yetu yameandikwa kwa herufi zao, na chakula cha mchana kimepikwa tangu jana yake.

Tulipoimba "Yesu kwetu ni rafiki" walishtuka, kisha wakaingia nao kwa Kijapani, maana tuni ni ileile na wanaipenda mno. Hata jirani wasio Wakristo huifahamu, kwa kuwa huimbwa kwenye harusi. Bibi wa kinanda alitaka turudie, na tukarudia hadi beti zikaisha pande zote mbili.

Kuna sharti walilotupa ambalo baadhi ya wanatimu walilipokea kwa shida: tusiende nyumba kwa nyumba na tusigawe vipeperushi barabarani. Sababu yake ni nzito. Mwaka 1995 dhehebu la Aum Shinrikyo lilimwaga gesi ya sumu katika treni za chini ya ardhi jijini Tokyo, watu wakafa na maelfu kujeruhiwa. Mwaka 2022 aliyekuwa Waziri Mkuu, Shinzo Abe, aliuawa na mtu aliyesema familia yao ilifilisika kwa sababu ya michango ya mama yake kwa Kanisa la Muungano, dhehebu lililoanzia Korea, na Machi 2025 mahakama ya Tokyo iliamuru kundi hilo livunjwe. Katika hali hiyo, mgeni anayegonga mlango akitaja jina la Mungu huleta hofu, na hofu hiyo hubaki kwa kanisa dogo la mtaani muda mrefu baada ya mgeni kupanda ndege. Mchungaji alitueleza kwa upole mwingi, kama ilivyo desturi yao, kwamba timu za kigeni zimewahi kupita, zikaimba, zikapiga picha, na washirika ndio waliobaki wakizunguka kuwaomba radhi majirani. Nilitaka mlisikie hili kutoka kwangu, ili asitokee mtu wa kusema timu yetu iliogopa kuhubiri.

Walichotuomba ni kuketi na watu. Hapo ndipo kahawa yenu ilipofanya kazi. Wajapani wamenunua kahawa ya Tanzania kwa miaka mingi na huiita Kilimanjaro. Jina la mlima wetu limeandikwa kwenye makopo na kwenye vibao vya migahawa. Katika mji wa Mashiki, uliopigwa na tetemeko la tarehe 14 Aprili 2016 na jingine kubwa zaidi usiku wa kuamkia tarehe 16, kanisa limekuwa likiandaa chai kwa wazee waliopoteza nyumba zao. Wengi sasa wanaishi katika nyumba zilizojengwa na serikali, kila mmoja na mlango wake, bila majirani waliozeeka nao. Walipoambiwa kwamba wanaomimina kahawa ndio wanaoilima, ukumbi ulibadilika. Mzee mmoja aliyekuwa mkulima wa mpunga alitaka kujua mvua zetu, mbolea, bei tunayopata kwa kilo, na kama vijana wetu wanabaki shambani. Alipojibiwa kwamba vijana wanakimbilia mjini, aliguna, akatikisa kichwa, akaanza kueleza habari za wanawe walioko Osaka. Alizungumza saa nzima. Mkalimani wetu, dada aliyewahi kufundisha sayansi mkoani Tanga akiwa mtumishi wa kujitolea wa JICA, shirika la serikali ya Japani la ushirikiano na nchi nyingine, alituambia baadaye kwamba mzee yule amekuja kwenye chai ile miaka mingi bila kusema zaidi ya salamu.

Tulitembelea pia Kikuchi Keifuen, kituo cha watu waliougua ukoma. Kilifunguliwa mwaka 1909, wakati serikali ilipoanza kuwaondoa wagonjwa majumbani na kuwafungia mbali. Dawa ya kuponya ilipatikana tangu miaka ya 1940, lakini sheria ya kuwatenga ilidumu hadi 1996, na ni mwaka 2001 tu ambapo mahakama ya Kumamoto ilitamka kwamba serikali iliwakosea. Ukuta wa zege uliowazuia kutoka bado kipande chake kimesimama. Una matundu yaliyotobolewa na wakazi wenyewe ili waone nje. Mle ndani watu walibadilisha majina wasiwaaibishe ndugu zao, wakalazimishwa wasizae, na hata walipokufa majivu ya wengi hayakupokelewa nyumbani, yamehifadhiwa humohumo. Waliobaki ni wachache, wastani wa umri wao umepita miaka 85.

Hapa nawaomba mwone jambo. Kabla serikali haijafungua kituo kile, alikuwapo Kumamoto mmisionari mmoja wa Kiingereza, Hannah Riddell, aliyewaona wagonjwa wa ukoma wakiombaomba kwenye njia ya hekalu la Honmyoji, na mwaka 1895 akawafungulia hospitali. Yeye alikaa hadi kufa kwake. Hilo ndilo kanisa wanalolikumbuka kule: lililokaa. Mama wa kwaya yetu alipomwona mzee mmoja wa kituo kile akisita kutoa mkono wake wenye vidole vilivyokatika, aliupokea kwa mikono yake miwili, akampigia magoti na kumpa shikamoo kama anavyompa baba yake mzazi. Mzee alimwuliza umri wake, akamwuliza ana watoto wangapi, na majina yao. Aliyarudia majina yote manne polepole hadi akayaweza.

Nimeulizwa mara nyingi tangu turudi: wangapi waliokoka? Sina idadi ya kuwapa, na sitaitafuta. Yupo jirani wa kanisa aliyehudhuria jioni ya nyimbo na kuomba ratiba ya ibada. Yupo binti wa mshirika aliyerudi kanisani baada ya miaka mingi. Haya wenyeji ndio waliotuandikia, baada ya sisi kuondoka, na wao ndio watakaoyafuatilia. Anayevuna kule ni mchungaji yule na washirika wake wachache. Kazi yetu ni kuwatia nguvu wasichoke.

Ugumu haukukosekana. Zaidi ya nusu ya fedha ilimezwa na tiketi za ndege. Viza zilidai barua ya mwaliko, barua ya dhamana na ratiba ya siku kwa siku, vyote vikaandaliwa na wenyeji wetu wazee, ambao kwao kila fomu ni mzigo. Lugha ilitubana: bila mkalimani tulikuwa kama bubu, na mkalimani mmoja hawezi kugawanywa meza tano.

Kwa hiyo Kamati inaleta mbele yenu maombi yafuatayo. Kwanza, safari ijayo ielekezwe Kumamoto, kwa kanisa lilelile, na timu iwe ndogo kuliko ya mwaka huu ili isiwaelemee. Najua wapo wanaotaka Tokyo. Tokyo ina makanisa mengi na wageni wengi. Kule Kumamoto wametuomba kwa maandishi turudi. Pili, vijana wawili walipiwe masomo ya Kijapani kuanzia sasa, nao wasafiri wakiwa na uwezo wa kuongea na mzee bila kusubiri mkalimani. Tatu, mfuko utengwe wa kumwalika mchungaji yule na mshirika mmoja waje hapa wakati wa mavuno, walale majumbani mwetu, wahubiri mimbarini petu. Amewahi kutuuliza, kwa aibu kidogo, jinsi kanisa linavyoonekana likiwa limejaa watoto. Nne, jumuiya zote ziliweke kanisa lile katika maombi ya Jumatano, na katibu atasoma barua zao kila zinapofika.

Namshukuru mchungaji wetu aliyetuwekea mikono, familia zilizowaruhusu wanatimu, na katibu aliyeshughulikia hati za safari hadi usiku wa manane. Fomu za ahadi kwa ajili ya mfuko wa wageni ziko mezani kwa mhazini; ahadi zianze kulipwa mwezi ujao, ili tiketi zikatwe mapema kabla bei haijapanda.

Naomba kuwasilisha.